Chungu cha Mti

Baba alikereza miguu ya vitanda, Isevya, miaka thelathini,
minne minne, kama mifugo ya kupeleka mnadani,
na nusu ya Tabora imelala, imezaa, imeugua
juu ya kazi ya mikono yake.
Mimi nimekereza kitu kisichobeba mtu.

Vipande vitatu.
Kitako ni mkurungu, mwekundu kama nyama buchani.
Tumbo nimelitoa kwenye mzinga wa mjomba Mhoja,
gogo lililokaa mtini huko Sikonge mpaka nyuki wakalihama;
patasi ilipogusa ukuta wake karakana yote ikanuka asali
ya mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Shingo ni mpingo. Kidole hakipiti.

"Kinawekwa nini?" akauliza Mama Kalunde wa mgahawa,
kaja kudai bakuli lake la uji.
"Hakiwekwi kitu."
"Haya. Chungu cha njaa."
Lakini hakuondoka. Alikizunguka mara mbili
kama anayetafuta mlango.

Chai ya kupaka nilichukua kwake, kavu, iliyolala jikoni.
Nikalinywesha tumbo, nikaacha likauke,
kisha maji ya misumari:
misumari ya kutu niliyoiloweka kwenye siki siku tisa.
Mti ukasita kidogo, kama mtu anayekumbuka deni,
ukawa mweusi.
Hapo ndipo nikachonga. Kisu kikipasua weusi
kinakuta njano chini yake:
sega, tundu kwa tundu, upande mmoja tu,
maana hata nyuki hufika mahali akaacha.

Nta ya mwisho niliipaka kwa kitambaa cha shati,
nikalala nikijisifu.

Julai ya huku haina adabu. Upepo mkavu, baridi ya alfajiri.
Tak!
Nilijua kabla sijawasha taa.
Ufa, kutoka kwenye ungo la shingo hadi katikati ya sega.
Mti wa mzinga ulikuwa bado una neno.

Sikutia gundi na vumbi, nikajifanya sijaona.
Ile mota ya kerezo iliyoungua mwezi wa Ramadhani
nilikuwa nimeitunza chini ya meza, sijui kwa nini;
nikaifumua waya wa shaba,
nikatoboa kwa sindano ya moto,
nikaushona ufa. Mishono kumi na saba.

Baba macho yana ukungu sasa. Anaona kwa vidole.
Akaanzia shingoni, akashuka, akahesabu mishono kwa sauti,
kumi na sita, kumi na saba,
akanyamaza kwenye kitako. Akakisukuma kidogo.
"Nyamizi, kinayumba."
Akatoa pakiti ya sigara mfukoni,
akachana kipande, akakikunja mara mbili, mara tatu,
akakipenyeza chini yake,
kama alivyofanya kwenye vitanda vya watu.

Mnunuzi anakuja Jumamosi.
Karatasi sijaitoa.