Kigezo cha Kumi na Nne

Tumepewa wiki tatu na chumba kisicho na feni,
Barabara ya Jinja, ghorofa ya pili,
tuunde mizani ya kupimia watu
walio mbali, wanaoomba kuitwa wetu.

Alama mia. Ukipata sitini, umepita.
Elimu ishirini. Mtaji ishirini na tano
(Bagonza alitaka arobaini, tukamshusha
kwa chai na mandazi).
Umri: kadiri nywele zilivyo nyeusi.
Hati ya polisi. Picha mbili, masikio yaonekane.

Kwenye lugha tulikwama hadi adhuhuri.
Lugha ipi? Ya Mengo? Ya Gulu? Ya Mbarara?
Nikataja Kiswahili. Mtu akacheka:
"Hicho kilikuja na buti na kitako cha bunduki."
Nikaitazama kalamu yangu.
Mimi Zamzam binti Mursali, wa Bombo;
kwetu kilikuja na uji.
Tukaandika: lugha yoyote ya nchi, alama tano,
tukaenda kula.

Alasiri tukaijaribu mizani kwa mafaili.
Daktari wa Toronto, themanini na mbili:
hajalala hapa hata usiku mmoja,
ila babu yake alikuwa na jina refu Kabale.
Okwir, mpasua samaki wa Tromsø,
aliyeukana uraia wetu ili apewe wa huko,
ishirini na tisa.
Kila muhula hulipa karo ya wapwa sita Kitgum.
Tukatafuta pa kuiweka hiyo karo:
si mtaji; na elimu ni ya mwombaji,
naye aliishia darasa la saba.

Kisha Jasumati Ruparel, wa Leicester,
miaka sabini na saba. Umri: sifuri.
Alizaliwa Iganga, nyuma ya duka,
kando ya cherehani.
Penye "sababu ya kuomba" ameandika kwa mkono,
Kiswahili cha dukani, bila nukta:
*mama tulimchoma jinja mwaka sitini na tisa
majivu yakaenda na mto
mimi nataka kuja kumuona
bila kuomba ruhusa*

Kumi na sita.
Tano kati ya hizo ni za lugha.

"Mizani haina macho," akasema Bagonza,
"ndio uzuri wake," akafunga faili.
Nami nikamkumbuka babu wa babu yangu,
aliyeletwa kutoka Sudani kwa miguu.
Hakuna aliyemhesabia alama.
Alipewa bunduki, akaambiwa: hapa ndipo.

Vigezo vilikuwa kumi na tatu.
Walipotoka nikachora mstari mmoja chini yake,
kwa penseli, nikauacha bila jina.

Asubuhi Bagonza akauona.
"Huu wa nini?"
"Wa mto," nikasema.
Akapapasa meza nzima akitafuta raba.
Nilikuwa nimeikalia.