Sefu Ilitangulia

Jagdish amezilaza mbili juu ya kitambaa cha kijani.
"Shika," ananiambia. "Bunduki haichaguliwi kwa macho."
Nje mji unapiga honi. Humu ndani kuna harufu
ya mafuta ya cherehani na karatasi za kaki.

Ya kwanza ina kitako cha mbao,
mistari yake imepinda kama maji yaliyozuiwa njia.
Kilo nne na nusu, bado haijalishwa.
Ya pili nyeusi, ya plastiki na aluminiamu,
inakunjwa katikati kama mwavuli wa karani.
"Hii ya kizee hata ukiizika topeni itaamka ikifanya kazi.
Hii changa inalenga vizuri zaidi, ila inataka kubembelezwa."
Nacheka. Nyumbani kwangu wako wa aina zote mbili.
"Na zote hujipakia zenyewe," anaongeza.
"Yako wewe ni kidole tu."

Kidole tu.
Miaka ishirini na miwili hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.
Serikali haikuniuliza napenda ipi.
Nilipewa namba, nikatia sahihi, nikalala nayo
kaskazini, kwenye mawe yanayotoa joto hadi saa nne usiku.
Kiprugut alikuwa na yake, namba moja mbele ya yangu.
Asubuhi moja nilizirudisha ghalani,
nikatia sahihi mara mbili.

Kwenye fomu ya leseni waliuliza: *Ya nini?*
Nikaandika: *Shabaha.*
Kisanduku kilikuwa kidogo, namshukuru aliyekichora.

Lakini sheria ya ofisi ile ni sefu kwanza, bunduki baadaye.
Basi wanaume wanne waliipandisha ngazi za Donholm
hadi ghorofa ya tatu, wakitukana kwa adabu.
Fundi Odera akaifunga ukutani kwa bolti nne.
Kerubo akasimama mlangoni, mikono ina unga:
"Imeishinda friji."
Inspekta kijana akaja kuikagua, akaniita afande,
akanywa chai vikombe viwili, akapiga muhuri.

Mwezi mzima sefu ikakaa na giza lake.

"Huyo mgeni wako akikawia," Kerubo akasema,
"acha niweke hati ya shamba la Nyamira."
Akaweka.
Vikafuata vyeti vya kuzaliwa vya watoto,
na picha ya mama yake, ile moja ambayo hakufumba macho,
na kila Alhamisi pesa za chama ndani ya kopo la Kimbo.
Nyanchera, mjukuu wetu, aling'oka jino la kwanza.
Paa la ghorofa halirushiwi jino, liko mbali, lina tangi za maji za landilodi.
Akalitia ndani ya kiberiti, akanipa:
"Babu, lifungie. Panya hajui namba."

Naiinua ya mbao. Inajipachika begani yenyewe
kama mlevi anayejua nyumba yake gizani.
Jicho linatua kwenye kalenda ya duka, kwenye tarehe,
na mkono hautetemeki.
Ningependa utetemeke.
Naiinua nyeusi. Nyepesi.
Nyepesi kama kitu ambacho hakijawahi kutokea.
Hiyo nayo inanitisha, kwa njia yake.

"Nikuandikie ipi?"
Napima kwa shubiri, yeye akidhani naipima bunduki.
Ili iingie, yoyote kati ya hizi, lazima nitoe rafu ya katikati,
na ufunguo wa pili anao Kerubo,
na kwenye rafu hiyo kuna kiberiti.

"Kitako cha mbao kina bei gani peke yake?" nauliza,
na hata mimi sijui swali hilo limetoka wapi.
Jagdish hacheki. Hawauzi vipande.
"Basi nitarudi."
Hasemi lini, nami simwambii.
Anachukua kitambaa, anafuta alama za vidole vyangu,
ya nyeusi kwa mara moja,
ya mbao anaifuta, anaitazama kwenye mwanga,
anaifuta tena.