Pia Ndani ya Fuwele

Usiku wa tatu. Kharkiv haina umeme tangu alasiri.
Jenereta la chini linakohoa kama mvuta tumbaku,
na Motrya Zaderiy, koti juu ya koti juu ya koti,
anasoma vipimo kwa kurunzi aliyoibana menoni.

Mbele yake kopo la shaba, nene kama ngumi ya mhunzi,
na ndani yake fuwele isiyozidi kidole gumba.
Aliiotesha mwenyewe, wiki mbili,
kioevu kikiganda toka chini kwenda juu
kwa mwendo wa kucha kuota.
Kisha akaifungia humo: usitanuke, usinywee,
ujazo wako ni huohuo hata nikikupasha.

Swali ni dogo. Washa hita upande huu,
uliza upande wa pili: limefika? Kiasi gani?

Joto halitembei, hupokezanwa.
Huyu hutikisika, humgusa jirani, jirani humgusa jirani,
mtikiso husafiri, wenyewe hubaki majumbani.
Na ukizidi kupasha, mitikiso huwa mingi,
hukanyagana mlangoni, mwendo hupungua.
Ndivyo alivyochora Profesa Hryniuk, mwaka wa pili,
ubao mzima: mstari unaoshuka.
Alipoweka nukta ya mwisho chaki ikavunjika.

Lakini molekuli hizi si kokoto.
Zina mabega.
Kila moja imekaa mahali pake, na papo hapo yataka kugeuka.
Kwenye baridi kali hugeuka nusu, ikasita,
bega likanasa kwenye bega la pili;
wimbi linalopita hapo hujikwaa,
hutawanyika, husahau lilikotoka.

Nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Thelathini na tano.
Motrya anapuliza vidole, anatazama tena.
Mstari unapanda.

Usiku wa kwanza alilaumu waya.
Usiku wa pili, usingizi.
Leo waya ni mpya, mchana kutwa amelala,
na mstari, mkaidi, unapanda.

Anakumbuka ngazi za jengo lao, jana,
lifti imekufa, giza la kushikika,
sufuria ya supu ikipanda toka jiko la kuni la chini
mkono kwa mkono hadi ghorofa ya nane kwa Bibi Paraska.
Kila kituo mtu na ndoo yake, kageuka nusu:
samahani, hapana, wewe kwanza, mguu wangu!
Supu ikamwagika, ikapoa, ikasubiri watu wagombane.
Ghorofa ya tano tu haikusimama.
Pale Solomiya, mtoto wa fundi saa,
mikono kaikunja kifuani, macho kafumba,
alikuwa akizunguka juu ya kisigino, peke yake, kama pia.
Hakumgusa mtu. Hakumwomba mtu njia.
Na sufuria pia ikapita, kandokando yake,
kana kwamba pale pamesimama nguzo.

Motrya anatoa kurunzi mdomoni.
Anayezunguka sawasawa ni duara.
Duara halina bega la kunasia.

Anaandika kwa penseli, maana wino umeganda:
*zikipata joto la kutosha zinaachana,
kila moja yazunguka kwa hesabu yake,
na wimbi halioni tena pembe, laona mipira.*
Anafuta “mipira”. Anairudisha.
Chini yake: *Rudia kesho. Badili kipimajoto.*
Angempigia Profesa, lakini namba ile
tangu mwezi wa tatu huita tu.

Jenereta linakohoa mara mbili, linanyamaza.
Nukta ya nyuzi thelathini imepotea.
Gizani anaweka kiganja juu ya shaba,
kana kwamba ngozi nayo ni chombo.

Kisha, kwa kuwa hakuna anayemwona,
anakunja mikono kifuani, anafumba macho,
anajaribu juu ya kisigino.

Robo tu ya mzunguko: bega likagonga meza.

Bado baridi mno.