Kiti cha Tatu, Dirishani

Wa kwanza kuja ni Bi Zawia wa nyumba ya pili.
Hajavua hata ndala, keshauliza:
"Enhe, huko mbele kwa wakubwa kukoje?"
Sebule yetu ya Makorora, feni inazunguka kwa kunung'unika,
baba kanyoosha mguu juu ya kigoda,
goti jipya la Chenai
limeviringishwa bendeji kama kichanga.
Mama anamimina chai. Anatabasamu.
Mimi nimenyamaza.

Kiwanja cha Pongwe tulikiuza kwa ajili ya goti.
Kilichobaki, Singano akasema, tusikile,
tumlaze baba njiani.
Kuna viti, dada, vinageuka vitanda.
Mtu aliyepanda lori la mkonge miaka thelathini,
wima, mkono kwenye kamba,
naye mara moja asafiri amelala.
Yeye mwenyewe akabaki bandarini na zamu zake.
"Mtanihadithia."

Tulipaa saa sita za usiku.
Kiti cha baba kikagoma.
Nilibonyeza pa kulazia: kikakohoa, kikainuka kidole kimoja,
kikatulia.
Nikabonyeza kengele. Taa ikawaka juu ya vichwa vyetu,
ndogo, ya manjano,
ikawaka,
ikawaka.
Akaja binti, midomo imekolea rangi,
macho hayakufika pale tulipo.
"Namwita mwenzangu."
Mwenzake hakuitwa, au aliitwa akapotelea
nyuma ya pazia la kijivu, vikombe vinakogongana
na watu wanacheka.

Chai? Baadaye.
Maji? Chupa moja, watu watatu.
Chakula cha baba tulikiagiza mapema, kisiwe na chumvi;
kikaja samaki mkavu, mkali kama ng'onda.
Baba akamtafuna kidogo, akamgeuza:
"Huyu hata kufa alikufa na kiu."
Tukacheka, sote watatu, kwa sauti ya chini,
kama watu waliokaa viti visivyo vyao.

Halafu goti likaanza.
Alikuwa hasemi. Niliona tu vidole
vinavyoshika mkono wa kiti.
Nikainuka niende nyuma ya pazia lile nikaongee Kiswahili chote ninachokijua.
Akanivuta kanga.
"Kaa, mwanangu. Nimezoea."

Nimezoea.
Neno hilo moja
ndilo tulilouzia kiwanja lisitamkwe tena.

Mama hakusema kitu. Akachukua mkoba,
mito miwili, boksi la halua alilowanunulia wajukuu,
akajenga kilima. Hakikutosha.
Akakaa chini, pale zuliani penye makombo ya watu,
kwa gauni lake la safari lililoshonwa Ngamiani,
akaupakata mguu wa mumewe.
Usiku mzima wa bahari ukapita chini yetu.
Kila nilipozinduka nilimkuta macho,
anaupepea mguu kwa ile karatasi ya menyu
yenye majina ya vyakula tusivyoletewa.

Sasa mlango unasukumwa. Singano,
bado na kofia ya kazini, kashika mfuko wa mihogo ya kukaanga
yenye pilipili, mafuta yamepenya karatasi.
Hasalimii. Anamtazama baba, anamtazama mama.
"Alilala?"

Ndani ya simu yangu kuna barua ya malalamiko,
kurasa mbili, ina tarehe, ina namba ya kiti.

"Alilala," anasema mama.
"Mpaka nikaota," anadakia baba. "Nimeota niko Pangani,
nakimbia."
Singano anakaa. Anavua kofia.
Uso wake unalegea kama kamba iliyofunguliwa,
nami naizima simu.

Bi Zawia anakoroga sukari.
Kijiko ni kidogo, kizito, kina ndege
aliyechongwa kwenye mpini. Namtazama mama.
Mama anaitazama feni.
Kijiko kinagonga glasi, ngi, ngi,
kengele nyembamba kabisa,
na yeye, magoti yake mwenyewe yakilia,
keshainuka:
"Nani hana chai?"