Dakika Ishirini, Kizingo

Ishirini tu, niliwaambia, si ishirini na moja:
saa nne kamili nina bi harusi,
na mkrismasi huu haumngoji mtu,
unapukutisha wekundu wake
hadi ndani ya mkoba wangu wa lenzi.

Bi Mwanakhamisi kaketi kati, kanga ya kisutu,
kipochi mapajani kama anayemsubiri daktari.
Kulia kwake Famau. Kushoto Rukiya.
Baina yao ile nyumba ya Kibokoni,
haiuziki, haigawiki,
miaka mitatu bila salamu.

"Sogeeni."
Wakasogea unyayo mmoja.
"Chekeni basi."
Meno yakatoka, macho yakabaki ndani.
Mjukuu, Swabra, kajaza maua kinywani.
Dakika ya kumi na saba.

Ndipo maji moto wakashuka kutoka tawini.
Sijui nani alipiga ukelele kwanza.
Rukiya huyo anaruka, mtandio chini,
na Famau, kabla hajakumbuka kuwa kanuna,
kamshika dada yake shingo:
"Tulia, we! Tulia nimtoe!"
naye chungu mwingine yumo sikioni mwake,
na mama anawachapa wote wawili kwa kipochi,
anacheka mpaka meno ya bandia yanamcheza.

Nikabonyeza.

Imetoka na ukungu. Swabra hana nusu ya kichwa.

Nikawaonyesha zile kumi na mbili nzuri.
Bi Mwanakhamisi akazipita kama mtu apitaye duka lililofungwa.
"Hii. Ifanye kubwa, ya ukutani."

"Ukuta upi, mama?" akauliza Famau.

Rukiya akainama kuuokota mtandio,
akachelewa kuinuka.