Tundu Ambalo Sijalitoboa

Niliingia duka la vipuri pale Kachoma
nikaulizia pikapu ya gitaa.
Muuzaji akachungulia barabarani:
"Imepakia magitaa mangapi?"
Sikumcheka. Hata mimi neno lile
nilikuwa nalo siku tatu tu.

Galatoni yangu ni ya mninga,
mabaki ya kitanda cha bibi harusi aliyeghairi.
Mhoja wa Isevya, fundi wa milango na majeneza,
alizipinda mbavu zake kwa mvuke wa sufuria ya ugali.
Chumbani inatosha, tena inabaki.
Lakini ukumbini, jenereta likishaguna
na mashangazi wakishashika vigelegele,
nachezesha vidole kama bubu anayemenya karanga.

Basi Kashindye, tabibu wa redio,
akatandika gazeti mezani.
Akaanza na sumaku ya kubana mdomoni mwa tundu.
Ilipaza, hilo sikatai.
Lakini sumaku haijui mti, inajua chuma;
ilizisalimu nyuzi, ikampita Mhoja mlangoni
bila hodi wala shikamoo.
Sauti ikatoka imenyolewa, imepakwa mafuta,
kama mtu wa Sikonge anayejibu simu
kwa lafudhi ya mtangazaji.

Maikrofoni ya kuning'iniza tumboni
sitaizungumzia sana.
Spika ilisikia gitaa, gitaa likasikia spika,
wakachongeana mpaka mbwa wa jirani akaingilia.

Iliyoninyima usingizi ni ile nyembamba,
ya kulala chini ya mfupa wa daraja
pale nyuzi zote sita zinapoegemeza uzito.
"Hii," alisema Kashindye, "haina siri."
Akanijaribisha kwenye gitaa la kwaya.
Nikasikia kifungo cha mkono wa shati,
kucha ya gumba, na ile pumzi
ninayoivuta kabla ya kukosea.
Sikujua kwamba huwa naivuta.

Lakini inadai matundu mawili:
moja chini ya daraja, la pili makalioni,
upana wa kidole changu cha mwisho.
Kashindye akainua keke.
Nikasema, ngoja.

Mhoja hachongi tena.
Mkono wake wa kulia umelala tangu Ramadhani.

Kashindye akanitazama, akafumua saa mbovu ya mezani,
akatoa kisahani cha shaba, chembamba kama ganda la kitunguu.
"Hiki hakitoboi. Kinabandikwa."
Kwa gundi? Nikakataa gundi.
Mkewe huuza asali; akamega nta.
Mchana kutwa tukakihamisha kisahani:
hapa debe, hapa kwikwi,
hapa mtu anaongea ndani ya blanketi,
mpaka tukafika penye kiraka,
ufa wa zamani alioushona Mhoja mwenyewe.
Hapo mti ukasema.
Hatukusema kitu sisi.
Kisha spika ikaanza kunguruma peke yake, chini, polepole,
na Kashindye akaruka kuzima umeme;
kumbe ni treni ya Mpanda inaingia,
imepita kwenye ardhi, kwenye meza, kwenye mninga,
kisahani kikaisikia kabla yetu.

Jumamosi, harusi ya Kabula, bati na jua la Oktoba.
Wimbo wa nne nta ikatoka jasho.
Kisahani kikateleza, sauti ikazama,
mtu wa nyuma akapiga kelele, "Ongeza!"
Nikakibana kwa kiwiko
nikamaliza nimejikunja kama mwenye kichomi.
Walinilipa yote. Mmoja alinipa pole.

Jumatatu nikampelekea Mhoja gitaa.
Nikamwekea kiganja cha kushoto juu ya kifuniko,
nikapiga uzi wa sita, nikauacha ulie.
Nikamweleza habari za keke, kwa kuzunguka,
kama mtu anayeposa.
Akasikiliza uzi mpaka ulipokwisha.
"Mti huu? Toboa.
Ulibaki hata wa stuli."

Keke iko kwa Kashindye.
Kila nikipita huinyanyua, kama anayenikaribisha chai.
Keshokutwa, namwambia.
Nta bado ninayo, nusu kopo.