Diwani wa Kaloleni

Siku ya kwanza, baraza la jiji la Nairobi,
walimpa karatasi aandike kumbukumbu,
wakidhani ni karani.
Akaandika kweli: majina yetu kumi na saba,
vijana wa uzururaji, seli ya Makadara,
kisha akasimama, akayasoma
hadi meya akaacha kukoroga chai.

Perusi Ambiyo. Orofa ile haikuwa na choo cha wanawake;
alivuka barabara, akarudi,
akaendelea na hoja pale pale alipoikatiza.

Ukumbi wa vijana tulipewa mwaka uliofuata:
balbu moja, bati linalovuja.
Jina lake halimo ukutani.

Ila mimi, wa tisa katika orodha ile,
hata leo nikiitwa, popote,
nainuka kwanza, ndipo najibu.